Kompyuta Chini ya Godoro

Katika nyumba ya karani wa shule yetu hakuna pasi. Si kwamba wameshindwa kununua. Mume wake haitaki. Yeye ni mhudumu wa hoteli, na anaamini kwamba pasi huunguza kitambaa na kukitia mng'ao mbaya. Suruali zake huzinyunyizia maji kidogo, huzikunja kwa kufuata mshono, kisha huzilaza chini ya godoro. Asubuhi zinatoka na mstari mkali kabisa. Ndiyo maana mtaani wanamwita Bwana Wembe.

Si suruali tu. Vyeti vyake vyote vimelala chini ya godoro lile. Kalenda ikijikunja, inakwenda chini ya godoro. Bahasha ikipinda, chini ya godoro. Katika nyumba ile kila kilichopinda kina dawa moja.

Mimi nafundisha hisabati katika shule hiyohiyo. Habari hii nilisimuliwa na karani mwenyewe, na mume wake, na fundi aliyewasaidia. Sehemu ya mwisho niliiona kwa macho yangu. Nitawasema watu humu, maana mimi ni mtu wa kusema.

Nyumba yao ina vyumba viwili. Anakaa karani, mume wake, mtoto wao wa miezi minane, na mama mzazi wa Bwana Wembe ambaye sote tunamwita Bibi. Mtoto ni mnene, wanamwita Kibonge. Karani akiwa kazini, Bibi ndiye anayekaa na mtoto. Kibonge akishiba hulazwa kwenye kitanda kikubwa cha wazazi, katikati, na mto kila upande ili asianguke.

Wiki ile karani alikuwa na kazi nzito. Alitakiwa kuandika orodha ya wanafunzi wote wa darasa la mwisho: jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, namba ya shule. Wanafunzi walikuwa tisini na mmoja. Orodha ilitakiwa kufika ofisi ya mitihani Ijumaa, kabla ya saa sita mchana. Mtoto ambaye jina lake halimo hafanyi mtihani. Hapo hakuna cha samahani wala cha nitaleta kesho.

Kazi hiyo aliifanyia nyumbani, kwa kompyuta mpakato yake mwenyewe. Ofisini kwetu kuna soketi moja tu ya umeme, na soketi hiyo ina birika la mwalimu mkuu. Kompyuta aliachiwa na dada yake. Ilikuwa na umri wa miaka mitano na ilifanya kazi vizuri, au ndivyo walivyodhani.

Jumanne alasiri karani alikaa mezani akaanza. Alifika jina la arobaini na tano. Pembeni ya kioo palionyesha kwamba betri ina asilimia arobaini, kwa hiyo hakuwa na wasiwasi. Ghafla kioo kikawa cheusi.

Alibonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya. Akabonyeza tena na kushikilia. Kimya. Akachomeka chaja, na baada ya dakika chache kompyuta ikaamka kama vile haikufanya kosa lolote. Akafungua orodha. Majina ishirini na sita tu. Mengine kumi na tisa hayakuwepo, maana hakuwa ameyahifadhi. Karani alishika kichwa kwa mikono miwili. Asilimia arobaini, alijiambia, ni karibu nusu. Inazimikaje ikiwa na karibu nusu?

Bwana Wembe alikuja na maelezo yake. Mwanamume yule hakosi maelezo. Alisema betri ina njaa ya siku nyingi na inataka kulishwa hadi ishibe. Akaichukua kompyuta, akaiweka kitandani juu ya blanketi, akachomeka chaja, kisha akaifunika kwa shuka ili vumbi lisiingie. Wakaiacha hapo hadi jioni, wao wakiwa wanaendelea na shughuli zao uani.

Hapo walikwisha kosea mara tatu, nami sijaanza hata kuhesabu.

Jioni karani aliendelea kuandika, safari hii chaja ikiwa imechomekwa, na kila baada ya majina machache alihifadhi. Alifika jina la sitini. Lakini aliona mambo mapya. Kompyuta haikutulia mezani, ilikuwa inanesa kama bakuli lisilo na kitako. Pale pa kugusia kwa kidole palikuwa pagumu, hapabonyei. Na alipotaka kuifunga, kifuniko kilikataa kukutana na sehemu ya chini. Palibaki mwanya unaopitisha kidole. Alimwambia mume wake kwamba kompyuta imepinda, labda Kibonge aliikalia. Asubuhi akaenda kazini.

Jumatano ilikuwa siku ya mapumziko ya Bwana Wembe. Aliiangalia kompyuta juu na chini. Akaona tumbo lake limetuna. Akajisemea kwamba samaki mkunje angali mbichi. Mnajua alichofanya. Aliinua godoro, akailaza kompyuta katikati, mahali ambapo uzito ni mkubwa zaidi, akalishusha godoro juu yake. Na kwa sababu ilihitaji pia kushiba, akaacha chaja imechomekwa, tiba zote mbili ziende pamoja.

Hakumwambia mtu. Alitaka kumshangaza mke wake. Akaenda zake kunyoa nywele.

Saa nne Bibi alimlaza Kibonge palepale, katikati, na mto kila upande. Kisha naye akajinyoosha kando yake, maana mgongo ulikuwa unamsumbua.

Karani alirudi saa nane mchana, mbio, ili amalize majina yaliyobaki. Bibi alimpokea amekunja uso. Alimwambia kwamba chumba kizima kinanuka rangi ya kucha. Mama wa mtoto mchanga, na kazi zote hizi, bado anapata nafasi ya kupaka rangi? Karani akamwonyesha vidole vyote kumi. Havikuwa na rangi yoyote. Bibi akasema basi ameificha chupa mahali. Wakabishana hivyo mlangoni, na harufu wanaisikia wote wawili, tamu na kali, na hakuna aliyekwenda kutafuta inatoka wapi. Kibonge alikuwa bado amelala.

Ndipo Bwana Wembe alipoingia, kichwa kinang'aa, anatabasamu. Alimwinua mtoto taratibu akampa Bibi. Kisha akainua godoro kwa mkono mmoja, kama anavyofunua sahani mbele ya mgeni hotelini.

Kompyuta ilikuwa imevimba maradufu. Mfuniko wa chini ulikuwa umeachia pembeni, na ndani ilionekana kitu cha rangi ya fedha kimetuna kama mto mdogo. Suruali iliyolala jirani yake ilikuwa ya moto.

"Bado kidogo," alisema Bwana Wembe. "Ikilala mpaka kesho itakuwa imenyooka."

 Alichokiona karani ni majina sitini ya watoto yamo ndani ya kitu kile. Alichomoa chaja, akaikumbatia kompyuta kifuani, akatoka nayo mbio hadi nyumba ya pili.

Nyumba ya pili anakaa fundi. Ni mama wa makamo, amekuwa akitengeneza redio tangu ujana wake, kisha televisheni, kisha simu na kompyuta. Wanamwita Mama Redio hadi leo, ingawa redio zenyewe siku hizi hazimfikii. Chumba chake cha mbele ndicho karakana. Alikuwa ameinamia simu ya mtu, akainua macho, akamwona jirani yake mlangoni.

"Simama hapohapo," alisema. "Usiingie nayo ndani. Rudi nayo uani, uiweke kwenye saruji. Polepole. Usiiangushe."

"Dada, ina majina ya watoto. Sitini."

"Majina yatasubiri, mdogo wangu. Iweke chini, kisha njoo huku kwangu."

Karani aliiweka.  Alisema hajawahi kumsikia Mama Redio akisema kwa sauti ile, na sauti ndiyo iliyomtisha kuliko kompyuta. Kufikia hapo Bwana Wembe alikuwa ameshafika, na Bibi nyuma yake amempakata mtoto.

Mama Redio aliiangalia kompyuta kwa mbali. Aliuliza ilikuwa wapi.

"Chini ya godoro, dada," alisema Bwana Wembe. "Nilikuwa nainyoosha."

"Ikiwa imezimwa?"

"Ikiwa inachaji."

Mama Redio alivua miwani. "Na juu ya godoro palikuwa na nini?"

Bwana Wembe alimtazama mama yake. Hakuwa anajua. Bibi ndiye aliyejibu, kwa sauti ndogo.

"Tulilala sisi wawili. Mimi na huyu. Tangu saa nne."

Mama Redio alitafuta kibaraza akakaa.  Aliniambia baadaye kwamba katika kazi yake ameona mengi, ameona simu iliyopikwa na mtu akidhani anaikausha, lakini mtoto kulazwa juu ya betri hakuwahi kuona.

"Shemeji," alisema hatimaye, "hiyo haikupinda. Imevimba. Betri ikizeeka au ikipata joto sana, ndani yake hutengeneza hewa. Hewa haina pa kutokea, basi inavimba. Inainua kibao cha kugusia, inainua kifuniko, inafanya kompyuta inese mezani. Na ikianza kuvuja unasikia harufu tamu, kama ya rangi ya kucha."

Bibi alimtazama karani. Karani alimtazama Bibi. Bibi alimhamisha mtoto bega na kurudi hatua mbili nyuma.

"Sasa ukiigandamiza?" aliuliza Bwana Wembe.

"Ndani ya betri kuna karatasi mbili nyembamba zimekunjwa pamoja. Katikati yake kuna pazia. Karatasi hizo hazitakiwi kugusana kamwe. Ukiibana, ukiitoboa, ukiiangusha, pazia linachanika, zinagusana, na hapo ni moto. Moto wenyewe hauombi kiberiti. Unatoka ndani." Mama Redio alielekeza kidole nyumba yao. "Na godoro lako ni la sponji."

Bwana Wembe hakuwa na maelezo.

Mama Redio aliiacha kompyuta ipoe pale kwenye saruji kwa zaidi ya saa nzima, mbali na ukuta na nguo zilizoanikwa. Alimkataza kila mtu kuisogelea. Wakati wanangoja, karani aliuliza lililokuwa likimchoma moyo: majina yamekufa? Fundi alimwambia hayajafa. Majina yanakaa kwenye diski, si kwenye betri. Betri inatoa nguvu tu. Kilichopotea Jumanne kilipotea kwa sababu hakikuhifadhiwa, na kompyuta ikazimika kabla hakijaandikwa kwenye diski.

"Lakini ilionyesha asilimia arobaini," alisema karani. "Mimi niliona."

"Umewahi kuwa na pipa la maji lililojaa matope chini? Ukichungulia unaona limefika nusu. Ukichota, unapata kata mbili, kisha matope. Betri iliyochoka iko hivyo. Namba unayoiona si ya kuaminika tena. Kompyuta inapotaka nguvu, betri inashindwa kutoa, inazima ghafla. Hiyo ndiyo ishara ya kwanza. Ulipoiona ungekuja siku ileile."

Alimweleza pia kwamba si kila kuzimika ni betri. Wakati mwingine feni ya ndani imejaa vumbi na kompyuta inajizima yenyewe ili isiungue. Wakati mwingine chaja ni mbovu au si yake. Njia nyepesi ya kujua ni hii: kama haijavimba na haina harufu, ichomeke kwenye umeme uone. Ikizimika tu ukiwa umechomoa chaja, mshukiwa ni betri. Ikizimika hata ikiwa kwenye umeme, tena ikiwa ya moto, mshukiwa ni joto au vumbi. Lakini ikiwa imevimba usijaribu chochote. Zima, chomoa, iweke mahali pasipo kitu cha kuungua, mwite fundi.

"Na kule kuilaza kitandani na kuifunika shuka," aliuliza karani, "kulikuwa na kosa?"

Mama Redio aliuliza nani aliifunika shuka. Watu wote wakamtazama mtu mmoja.

"Shemeji, mashine inapumua kwa chini na ubavuni. Uliiweka kwenye blanketi ukaziba pua, ukaifunika shuka ukaziba mdomo, kisha ukailisha."

Ilipopoa, Mama Redio alivaa glavu na miwani, akaifungulia uani. Alifungua skrubu moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye betri hakutumia bisibisi wala kisu. Alitumia kadi ya plastiki, taratibu, akiitelezesha chini ya gundi, na kila mara alisimama kuangalia kama inapata joto. Alisema kazi ile hata mafundi wengine huikataa, na asionekane mtu wa nyumbani anaijaribu. Betri ilipotoka aliilaza kwenye debe la chuma lenye mchanga mkavu, katikati ya ua, mbali na kila kitu. Bwana Wembe aliuliza kwa nini isitupwe tu kwenye takataka. Alijibiwa kwamba gari la taka nalo lina watu. Wapo wanaokusanya betri chakavu, atawapelekea wiki ijayo.

Alhamisi karani aliomba ruhusa shuleni, akaenda kukaa karakanani kwa Mama Redio. Kompyuta ilikuwa haina betri, inakula umeme wa ukutani moja kwa moja. Si kompyuta zote zinazokubali hivyo, lakini ile ilikubali. Fundi alibandika waya wa chaja mezani kwa utepe wa gundi ili usiguswe, maana ukichomoka kila kitu kinazimika papo hapo. Akampa na sharti: kila jina likiisha, hifadhi. Kila majina kumi, nakili kwenye flashi.

Saa tano umeme ulikatika. Kioo kikawa cheusi tena. Umeme uliporudi alifungua orodha macho yamefumba nusu. Alikuwa amepoteza nusu ya jina moja.

Saa saba Bwana Wembe alimletea mke wake chakula kabla ya kwenda zamu. Alikuwa amevaa nguo za kazi, amenyooka kama kawaida. Alikuwa amesimama mlangoni na bakuli mkononi wakati uani kuliposikika mlio kama wa mafuta ya moto yaliyoingiwa na maji. Mlio haukukoma. Ulizidi.

Moshi mweupe ulitoka kwenye debe. Mama Redio aliwasukuma wote ndani, akafunga dirisha, akasema wasiuvute moshi ule. Kisha moto ukatoka. Haukuanza mdogo kama moto wa mkaa. Ulitoka mzima, mwembamba na mrefu, ukapanda hadi kifua cha mtu mzima, unanguruma, unatema cheche. Ulidumu kama dakika moja. Mchanga ulioruka ulikuwa mweusi.

Hakuna aliyekuwa ameigusa betri ile tangu jana. Haikuwa kwenye chaja. Haikuwa kwenye jua. Ilikuwa imelala tu.

Bwana Wembe aliketi chini, kwenye sakafu ya karakana yenye vumbi na vipande vya waya, na nguo zake za kazi. Bakuli lilikuwa limemwagika pembeni na hana habari.

"Mbona imeungua leo?" aliuliza. "Leo haijabanwa na kitu."

"Iliumia jana," alisema Mama Redio. "Leo imekufa."

"Jana saa hizi mwanangu alikuwa juu yake," alisema Bwana Wembe.

Karani alinyanyuka, akatoka kwa mlango wa mbele bila kuaga. Alikwenda kwake, akamchukua Kibonge kutoka kwa Bibi, akarudi naye karakanani. Majina kumi na manane yaliyobaki aliyaandika kwa mkono mmoja, mtoto yuko mapajani. Fundi hakumkataza. Bwana Wembe alifika kazini amechelewa kwa mara ya kwanza katika miaka tisa.

Ijumaa saa nne asubuhi karani alikabidhi flashi ofisi ya mitihani. Watoto tisini na mmoja waliingia kwenye orodha, na wote walipata namba. Wiki iliyofuata Mama Redio alimtafutia betri mpya, ya aina ileile ya kompyuta yake, na akasafisha feni. Siku hizi kompyuta inakaa juu ya meza ngumu, bila kufunikwa. Haichajiwi ikiwa imeachwa peke yake. Karani huichomoa ikikaribia asilimia themanini na kuichomeka kabla haijashuka chini ya ishirini, maana betri haipendi kushiba kupita kiasi wala kufa njaa. Haijazimika ovyo tena hata mara moja. Na kila kazi yake iko mahali pawili.

Mimi habari hii niliipata kwanza chumba cha walimu. Nikiri kwamba nilicheka. Niliwaambia wenzangu kwamba ujinga mwingine ni wa kupewa zawadi. Karani alinisikia. Alikwenda kwa mwalimu mkuu akaomba mume wake apewe dakika kumi katika mkutano wa wazazi.

Mkutano ulifanyika Jumamosi. Wazazi walijaa ukumbini, na mimi nilikaa safu ya tatu. Mwalimu mkuu alipomaliza mambo ya mtihani, alisimama Bwana Wembe. Mtu aliyezoea kusimama mbele ya watu akiwa na sinia mkononi, siku ile hakujua mikono aiweke wapi.

Alisimulia. Alipofika kwenye godoro, ukumbi ulicheka, nami nikacheka kwa sauti. Alingoja tumalize. Kisha akasema, "Juu ya godoro hilo mtoto wangu alilala kwa muda wa saa nne nzima. Na mama yangu." Kicheko kilikatika. Alieleza mlio, moshi na moto uliofika kifuani. Alionyesha kwa kiganja ulifika wapi. Akasema yeye hakuwa mlevi wala mzembe. Anampenda mwanawe. Hakujua tu, na hakuuliza, na kuuliza kulikuwa nyumba ya pili.

Akataja dalili moja moja. Inazimika ghafla huku ikionyesha ina chaji. Inapata joto bila sababu. Haikai sawa mezani. Mgongo au kifuniko kimeachia. Harufu tamu. Na akasema si kompyuta tu, hata simu ina betri ya namna hiyohiyo. Akasema moshi ukianza ndani ya nyumba, toa watu kwanza, waite zimamoto, usirudi kuokoa mashine.

"Kuna mtu ana kitu kilichovimba?" aliuliza mwisho.

 Kisha mama mmoja mbele alifungua mkoba wake, akatoa simu, akaiangalia kwa muda mrefu. Mgongo wake ulikuwa umeinuka pembeni. Aliinuka, akaiweka mezani kwa vidole viwili. Mzee mmoja akatoa yake. Kijana mmoja akaleta betri ya akiba ya kuchajia simu, imetuna, alikuwa ameifunga kwa utepe. Msichana mmoja akatoka nyuma akilia, simu yake mkononi.

Mama Redio, aliyekuwa kando ya mlango, alikuja na sinia la chuma, akaziweka moja moja kwa umbali, akazitoa nje kwenye saruji. Nilizihesabu, maana ndiyo kazi yangu. Zilikuwa nne.

Ndipo nilipokumbuka kwamba kava la simu yangu halifungi. Lina wiki tatu halifungi. Nilikuwa nimelizungushia mpira. Niliitoa kwenye mfuko wa shati, nikauondoa ule mpira, na kioo kikajiinua chenyewe mbele ya macho yangu.

Nilipita katikati ya watu wote wale hadi nje. Hakuna aliyecheka, na heri wangecheka. Mama Redio aliipokea, akaiweka kwenye sinia, ya tano, kisha akaniuliza huwa naiweka wapi nikilala.

"Chini ya mto," nilisema. "Tunalala mimi na mjukuu wangu."